Pengo Kati ya Ndoo na Tangi

"Nikibadilisha maji samaki wanakufa, nikiyaacha wanatulia." Maneno haya nimeyasikia kwa wafugaji wengi wa samaki wa mapambo, na wanaoyasema hawasemi uongo. Wameona kwa macho yao. Wametoa nusu ya maji, wamejaza mapya, na jioni samaki wako juu wanahema, mmoja amelala ubavu nyuma ya filta. Basi wanaamua kwamba maji mapya ni sumu, na dawa ni kuyaacha ya zamani yakae yalivyo. Hapo ndipo mimi na wao tunapoachana. Kwa miaka niliyofuga, mara chache sana nimekuta maji mapya yana kosa. Ya zamani ndiyo huwa yamekwenda mbali, polepole, bila mtu kuona, na samaki wamekwenda nayo. Siku ya ndoo wanarudishwa safari yote hiyo kwa dakika kumi.

Jambo hili nililielewa vizuri kwenye tangi ambalo sikulianzisha mimi. Binamu yangu alikuwa anahama, hakuweza kwenda nalo, akaniachia: lita 120, samaki wake, mimea michache iliyochoka na filta inayonguruma. Nililibeba pamoja na maji yake kwenye madumu, maana sikutaka kubadilisha chochote kabla sijajua ndani kuna nini. Maji yenyewe yalikuwa maangavu kabisa. "Hili halina usumbufu," aliniambia. "Yakipungua unajaza, basi." Ndivyo alivyokuwa akifanya kwa muda mrefu, na samaki walikuwa hai, wanakula, hata rangi zao hazikuwa mbaya.

Konokono ndio waliotoa siri. Nilimbandua mmoja kwenye kioo nikamgeuzageuza kwenye mwanga. Ncha ya gamba ilikuwa nyeupe, imechimbika vishimo vidogo, na ukingo wa mbele, pale gamba jipya linapoota, ulikuwa mwembamba kiasi cha kubonyea chini ya ukucha. Gamba hilo ni kaboneti ya kalsiamu, na kaboneti huliwa na asidi. Kabla sijafungua sanduku la vipimo nilishajua ninachokwenda kukuta.

Kipimo cha KH, yaani ugumu wa kaboneti, ni cha kuhesabu matone. Unatia mililita 5 za maji kwenye kichupa, unadondosha tone moja moja huku ukitikisa. Maji yanakuwa ya buluu, na tone linaloyageuza kuwa ya njano ndilo jibu: kila tone ni digrii moja. Maji yangu ya bomba yaligeuka kwenye tone la saba. Ya tangi hayakuwahi hata kuwa ya buluu. Tone la kwanza lilizama, yakawa ya njano papo hapo. pH, yaani kipimo cha asidi majini (namba ikishuka, asidi imezidi), ilisoma rangi ya chini kabisa ya chati, ambayo ni 6, na chati ikiishia hapo hujui umeshuka hadi wapi. Nitrati ilikuwa nyekundu iliyokolea kiasi kwamba visanduku viwili vya mwisho vya chati havikutofautiana nayo. (Chupa ya pili ya kipimo cha nitrati itikisike kwa nguvu kabla ya kuitumia, kwa sababu unga wake hutuama chini, asiyeitikisa husoma namba ndogo akafurahi bure.) Na amonia, ambayo kwenye tangi lililokomaa haitakiwi kuonekana kabisa, ilikuwa karibu miligramu 3 kwa lita.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Bakteria wanaoishi kwenye sponji ya filta na kwenye changarawe huigeuza kuwa nitriti, na wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati. Hayo mfugaji yeyote wa miezi michache anayajua. Kinachosahaulika ni kwamba kazi hiyo huzalisha asidi, na asidi hiyo lazima imezwe na kitu. Kinachoimeza ni bikaboneti zilizomo majini, ambazo ndizo KH inazipima. KH ni ghala linalochotwa kila siku mlango ukiwa umefungwa: aliye nje haoni magunia yakipungua hadi siku sakafu inapobaki tupu. pH ndiyo huo mlango. Inaweza kusimama pale pale, au kushuka kidogo tu, wakati KH inatoka 7 ikaenda 5, ikaenda 2. Halafu KH ikiisha, pH inaporomoka ndani ya siku chache. Ndiyo maana sipimi tena pH kila wiki. Napima KH.

Kwa hesabu ya kikemia, kila nitrati ya karibu miligramu 11 kwa lita inayozaliwa tangini imekula digrii moja ya KH. Tangi lililoanza na KH 7 likazalisha nitrati 80 limemaliza ghala lote, kama halikuletewa jingine. Kujaza maji yaliyokauka huleta bikaboneti kidogo, lakini kwa tangi la binamu kidogo hicho kilikuwa kinaliwa kabla hakijatua.

Basi kwa nini samaki hawakufa, na amonia ni 3? Amonia ina sura mbili. Ipo amonia huru, ambayo hupenya kwenye matamvua na kuyaunguza, na ipo amoniamu, ambayo haina ukali huo. Kipimo cha nyumbani kwa kawaida husoma zote mbili kwa pamoja. Mgawanyo wake unategemea zaidi pH, na kwa kiasi fulani joto. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 6 yana amonia huru chini ya asilimia 0.1 ya jumla. Kwenye pH 7 ni karibu asilimia 0.6. Kwenye pH 8 inazidi asilimia 5. Kila pH inapopanda kwa moja, sumu huongezeka karibu mara kumi, na jumla haijabadilika hata kidogo. Wakati huohuo bakteria wa filta huzorota sana pH ikishuka chini ya 6, kwa hiyo amonia inabaki bila wa kuila. Tangi linakuwa na amonia tele isiyouma. Asidi iliyoiharibu filta ndiyo hiyo hiyo inayowakinga samaki na sumu.

Sasa fikiria mtu mwenye nia njema amesimama mbele ya tangi kama hilo na ndoo zake. Anatoa nusu, anajaza maji ya bomba. Amonia inashuka kutoka 3 hadi 1.5, vizuri. Lakini bikaboneti mpya zinainua pH kutoka 6 hadi tuseme 7.5, na kwenye 7.5 sehemu ya amonia iliyo huru ni kubwa mara thelathini kuliko kwenye 6. Jumla imepungua nusu, sumu imeongezeka karibu mara 15. Samaki wanapanda juu kuhema. Mwenye tangi anaona, anaogopa, anasema maji mapya yana kitu. Binamu yangu aliwahi kufanya hivyo mara moja, akapoteza samaki, akaapa hatarudia, na kutorudia kwake kukalifanya tangi liende mbali zaidi. Samaki wapya aliowaongeza baadaye hawakumaliza wiki, ilhali wazee walikuwa wanapeta. Wazee walikuwa wameshuka na maji hatua kwa hatua. Wageni walirushwa ndani siku moja.

Samaki waliosafirishwa kwenye mfuko wana mambo hayohayo. Wakiwa mfukoni wanapumua, hewa ukaa inajaa majini, pH inashuka, na amonia yao inabaki katika sura isiyouma. Ukifungua mfuko, hewa ukaa inatoka na pH inapanda. Ndiyo maana samaki waliokaa mfukoni muda mrefu sipendi kuwachelewesha ndani ya maji hayo baada ya kufungua. Nasawazisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, nikifungua nafanya haraka, na maji ya mfuko siyamwagi tangini.

Turudi kwenye tangi la kurithi. Nilianza na lita 10 kwa siku, chini kidogo ya sehemu moja ya kumi, na siyo kwa kumimina. Ndoo ilikaa juu ya kabati, kimpira cha pampu ya hewa kikashuka kutoka ndooni hadi tangini, na katikati yake nikafunga fundo nililolikaza hadi maji yakatoka tone kwa tone. Chakula nilikipunguza hadi kidogo mno. Mwanzoni pH haikusogea kabisa. Bikaboneti nilizoingiza ziliishia kumeza asidi iliyolundikana. Amonia ilikuwa inashuka kwa sababu moja tu, kwamba nilikuwa naichota. Hilo ndilo nililolitaka: amonia ishuke kwanza, pH ipande baadaye. Siku nilizoona pH inaanza kukimbia na amonia bado inasomeka, niliacha kuongeza maji, nikasubiri. pH ilipofika karibu 6.5 bakteria walizinduka, nitriti ikaonekana kidogo kwenye kipimo ikapotea, na amonia ikafika sifuri bila mimi kuichota tena. Baada ya hapo ningeweza kwenda kasi, lakini kulikuwa na GH.

GH ni ugumu wa jumla, kalsiamu na magnesiamu, na ya tangi lile ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya bomba. Huko ndiko "yakipungua unajaza" kunakofikisha mtu. Maji yakikauka yanaondoka maji peke yake. Kalsiamu, magnesiamu, sodiamu, kloridi, nitrati, vyote vinabaki. Unajaza kwa maji ya bomba, unaleta chumvichumvi nyingine juu ya zile za mwanzo, na mwezi ujao tena. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi nyingi kuliko maji anayoogelea, kwa hiyo maji humwingia wakati wote na figo zake huyatoa wakati wote. Kiwango hicho cha kazi amekizoea kulingana na maji yake. Ukimbadilishia ghafla kutoka maji mazito kwenda mepesi, maji yanamwingia kwa kasi ambayo mwili haujajipanga kuitoa. Nina hakika kwamba mengi yanayoitwa mshtuko wa pH ni mshtuko huu wa chumvichumvi umevaa jina la mwingine. Wanaopulizia hewa ukaa kwenye matangi ya mimea hushusha pH kwa karibu namba nzima mchana na kuiacha ipande usiku, kila siku, na samaki wao hawatikisiki, kwa sababu KH na GH hazikusogea. Kwa hiyo niliendelea na mwendo wa lita 10 hadi GH ya tangi ikakaribia ya bomba. Kimita kidogo cha TDS, kile cha kuchovya kinachosoma jumla ya chumvichumvi zilizoyeyuka majini, kilinisaidia hapa kuliko chupa zote: nachovya ndooni, nachovya tangini, naona pengo kwa namba mbili. Hakikwambii chumvi gani imo, lakini kinakwambia umebakisha umbali gani.

Kuna hesabu moja ambayo ningependa kila anayefuga samaki aifanye kwenye karatasi, kwa sababu ilinibadilishia ratiba nzima. Chukua tangi linalozalisha nitrati miligramu 10 kwa lita kila wiki, na maji ya bomba yasiyo na nitrati. Ukibadilisha robo kila wiki, nitrati haitapanda milele. Itapanda hadi 40 kabla ya kubadilisha, ishuke 30, ipande tena 40, na kukaa hapo. Ukibadilisha nusu itagota 20. Ukibadilisha sehemu moja ya kumi itaendelea kupanda hadi 100. Unachofanya ni kugawanya: 10 kwa 0.25, 10 kwa 0.5, 10 kwa 0.1. Mwendo wa wiki gawanya kwa sehemu unayobadilisha, hilo ndilo pengo tangi litakalotulia nalo.

Sasa fanya hivyohivyo kwa KH. Nitrati 10 inakula KH karibu 0.9. Kwa robo kila wiki, KH ya tangi itashuka hadi 3.6 chini ya ile ya bomba. Bomba likiwa 7, tangi litacheza kwenye 3.4 kila kabla ya ndoo, ambayo bado ni salama. Kwa nusu, pengo ni 1.8. Kwa sehemu moja ya kumi, pengo ni 9, na bomba lenye KH 7 halina 9 ya kutoa. Tangi hilo litaanguka tu, hata kama mwenyewe ana nidhamu ya ajabu na hajawahi kuruka wiki. Ule ushauri wa "badilisha kidogo tu, usiwashtue" ndio unaojenga mshtuko wa kesho kutwa, isipokuwa kidogo hicho kiwe cha mara kwa mara, au samaki wawe wachache na mimea mingi kiasi kwamba mwendo wa wiki wenyewe ni mdogo. Mimi nilipunguza mwendo: chakula kidogo, mimea inayokua haraka ikajaza upande mmoja, tangi likafikia nitrati 5 hivi kwa wiki. Nabadilisha theluthi, na pengo la KH halifiki digrii moja na nusu.

Jambo jingine la hesabu: KH, GH, nitrati na joto huchanganyika kwa wastani wa kawaida, pH haichanganyiki hivyo. Tangi lenye KH 8, ukibadilisha robo kwa maji ya KH 2, utapata 6.5, na utaipata kweli ukipima. Lakini maji ya pH 6 na ya pH 8 hayatoi 7 kwa sababu tu umeyatia nusu kwa nusu. Yale yenye KH kubwa ndiyo yatakayovuta upande wake. Anayepanga kubadilisha maji kwa kuangalia pH peke yake anapanga kwa kipimo kisichojumlishika.

Upande wa ndoo nao una mambo yake, ingawa mengi ni mepesi. Maji ya bomba au ya kisima yakitoka na shinikizo huwa na hewa ukaa ambayo haijatoka, na hewa ukaa hushusha pH. Nimewahi kupima maji yaleyale 7.0 yalipotoka bombani na 7.8 asubuhi yake baada ya kulala na jiwe la hewa, lile linalotoa viputo. Anayepima ya bombani papo hapo anadhani yanafanana na tangi lake. Kesho yake yameshapanda ndani ya tangi na yeye anashangaa. Ndiyo maana nina pipa lenye mfuniko ambalo najaza siku moja kabla, ndani kuna jiwe la hewa na hita ndogo. Usiku mmoja unatosha kutoa hewa zilizozidi. Maji ya baridi yenye shinikizo yakipashwa moto ghafla ndani ya tangi hutoa viputo vidogo sana vinavyoshika kwenye kioo, kwenye majani, hata kwenye mapezi ya samaki. Vikizidi, vinaweza kuingia hadi kwenye damu yao. Nikiona kioo kimepata vumbi la viputo baada ya kujaza, najua pipa halikulala vya kutosha.

Klorini ya kawaida nayo hutoka kwenye maji yaliyolala yakipigwa hewa. Kloramini haitoki. Mamlaka nyingi za maji duniani hutumia kloramini kwa sababu hudumu ndani ya mabomba, na kudumu huko ndiko kunakomsumbua mfugaji. Dawa za kuondoa klorini zenye thaiosalfeti huvunja kloramini, ila zinaacha amonia kidogo nyuma. Filta yenye afya huila bila shida, ile iliyozimia haiwezi. Anayejaza kwa mpira moja kwa moja hadi tangini atie dawa ya kutosha tangi zima, siyo ya kutosha maji aliyoongeza tu, kwa kuwa klorini inapoingia huanza kazi kila mahali kabla dawa haijaifikia. Na ndoo ya kuoshea sponji ya filta ijazwe maji yaliyotoka tangini, kamwe siyo ya bomba. Mimi hata siku siziunganishi: wiki ya kuosha sponji nasogeza ubadilishaji wa maji siku kadhaa mbele, filta isipate misukosuko miwili kwa mpigo.

Joto ni hesabu nyepesi. Lita 75 za nyuzi 26 zikipokea lita 25 za nyuzi 18, tangi linashuka hadi 24. Nyuzi mbili kwa dakika chache ni mpaka wangu; zaidi ya hapo sivuki. Kipimajoto kiwepo pipani na kingine tangini, maana mkono hudanganya: ukitoka kushika maji ya baridi, ya uvuguvugu utayaita ya moto.

Ninapogomba zaidi ni kwenye chupa za kushusha na kupandisha pH. Chupa ya kushusha ni asidi. Unaitia, KH inaimeza, pH inashuka kidogo na kesho imerudi ilipokuwa. Unatia tena. Kila mara umechota ghalani, na siku KH inapoisha dozi ileile isiyofanya kitu wiki iliyopita inaangusha pH yote. Halafu ndoo ya maji mapya inairudisha juu. Samaki wanapandishwa na kushushwa na mtu anayetafuta namba aliyoisoma mahali. Samaki wengi wanaouzwa wamezaliwa na kukulia kwenye mashamba ya kufugia, na wanakaa vizuri kwenye maji yaliyo mbali na ya asili yao ilimradi hayayumbi. Kwa wale wenye mahitaji makali, naona ni busara kuchagua samaki kwa bomba ulilonalo. Mwenye maji magumu afuge wa Ziwa Tanganyika, ambao kwao pH huwa karibu na 9. Mwenye maji laini afuge samaki wadogo aina ya tetra wa mito myeusi ya Amazoni. Kila ndoo atakayomimina itakuwa upande wake.

Kama bomba lenyewe lina KH ya 1 au 2, au unatumia maji ya mvua, hapo kuongeza ni haki. Bikaboneti ya sodiamu, ile soda tupu ya kuokea isiyochanganywa na asidi ya kuumulia, huinua KH kwa digrii moja kwa kila gramu 3 katika lita 100. Naiyeyusha pipani, siyo tangini, ili ndoo ifanane na tangi kabla hazijakutana. Kipande cha matumbawe yaliyosagwa ndani ya mfuko wa filta hufanya kazi polepole zaidi, na uzuri wake ni kwamba huyeyuka haraka pH inaposhuka na huzubaa pH inapopanda. Kinyume chake, majani makavu ya mti wa mkungu na magogo huachia asidi laini na rangi ya chai. Nayapenda, lakini kwenye tangi lenye KH 2 nayahesabu kama walaji wa ghala.

Pipa nalo napima KH kila baada ya muda, hasa majira yakibadilika. Chanzo cha maji kikijaa mvua, maji huwa mepesi zaidi, na yakichafuka watibu maji huongeza klorini. Bomba siyo nguzo isiyosogea. Mtu anaweza kuwa na tangi tulivu kabisa, likakutana na bomba lililohama.

Faida ya pengo dogo niliiona siku mpwa wangu mdogo alipowahurumia samaki akawamwagia kopo zima la chakula, akafunika, akanyamaza. Asubuhi maji yalikuwa ukungu, chakula kimevimba juu ya changarawe, samaki wako juu wanahema, amonia imefika 2 na pH ni 7.4, ambako amonia inauma. Hapo hakuna nafasi ya tone kwa tone. Nilipima kitu kimoja zaidi tu, KH: ya tangi 6, ya pipa 7. Nikanyonya uchafu wote kwa mpira, nikatoa nusu ya maji na kurudisha nusu muda uleule, nikaongeza jiwe la hewa la pili. Jioni nikatoa nusu nyingine. Kipimo kilisoma karibu 0.5, samaki wakashuka kutoka juu mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyebana mapezi. Siku mbili hawakupewa chakula. Wiki iliyofuata nilirudi kwenye theluthi yangu ya kawaida, na kopo likahamia kabati la juu.